Kayaki ya kujaza upepo kwa mtu mmoja: mambo ya kuangalia kabla ya kununua, kuuza au kusafirisha

Kwa mfanyabiashara anayeagiza bidhaa za michezo na utalii, kayaki ya kujaza upepo ina mvuto wa wazi. Ikikunjwa inaingia kwenye begi, haihitaji trela wala keria juu ya gari, na mtu mmoja anaweza kuitoa kwenye buti na kuifikisha ufukweni bila msaidizi. Kwa miji iliyo kando ya maziwa yetu, kama Mwanza, Kisumu, Entebbe, Kigoma na Gisenyi, wateja wake si wageni wa hoteli peke yao. Wapo wenyeji wanaotaka mazoezi, wavuvi wa ndoano, na watu wanaotaka tu kupumzika majini siku ya Jumapili.

Tatizo ni kwamba bidhaa mbili tofauti kabisa huuzwa kwa picha inayofanana. Moja ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya ziwa. Nyingine ni mpira wa kuchezea kwenye bwawa la kuogelea, ambao umepewa umbo la kayaki. Mnunuzi akiangalia boksi haoni tofauti. Tofauti huonekana akiwa nusu kilomita kutoka nchi kavu, peke yake, upepo ukiwa mgongoni. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua mapema, kwa faida ya anayenunua, anayeuza na anayebeba mzigo.

Swali la kwanza: je, itanirudisha?

Watu wengi huuliza kwanza bei, kisha rangi. Swali linalotakiwa kutangulia ni hili: upepo ukinisukuma kwenda ndani ya ziwa, je, chombo hiki kitaweza kunirudisha?

Tuchukue mfano wa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa, mambo hugeuka, na upepo huvuma kuelekea ziwani hadi asubuhi. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga wameutumia mzunguko huu kwa miaka mingi: huondoka na upepo wa alfajiri na kurudi na upepo wa mchana.

Kwa mtu wa kayaki, upepo wa asubuhi ndio wenye hila. Karibu na ufukwe, miti na vilima huukinga, na maji yanaonekana shwari kama kioo. Ukisogea mbele, kinga inaisha, na kila dakika unasukumwa mbali zaidi bila kujua. Kayaki ya upepo ni nyepesi na haizami sana, hivyo hukaa juu ya maji kama jani. Mtu wa kawaida katika kayaki fupi na pana huenda kasi ya kilomita 4 hadi 5 kwa saa maji yakiwa yametulia. Upepo ukikaza na mawimbi yakija mbele, kasi hiyo inaweza kuisha kabisa, akabaki anapiga kafi mahali pamoja mpaka anachoka.

Mambo mengine yote yafuatayo, yaani urefu, upana, sakafu na pezi, yanajibu swali hilo moja. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hapa ngamani ni ufukwe ulikotokea.

Urefu, upana na uzito

Kayaki fupi hugeuka kirahisi, na kwa sababu hiyohiyo hainyooki. Kila ukipiga kafi, omo linakwenda upande, na nusu ya nguvu yako inaishia kurekebisha mwelekeo. Kwa mtu mmoja ziwani, urefu wa mita 3 hadi 3.8 ni kiasi kizuri. Chini ya mita 2.8, iache kwa maji madogo yaliyozungukwa na nchi kavu. Zaidi ya mita 4, inakwenda vizuri zaidi lakini begi linakuwa zito na bei inapanda.

Upana wa sentimita 75 hadi 90 hutosha. Kayaki pana zaidi humtuliza anayejifunza, lakini hushika upepo na humlazimu mtu kunyoosha mikono mbali kufikia maji. Aidha, hakikisha ina pezi la chini, upande wa tezi. Kipande hicho kidogo cha plastiki ndicho kinachoifanya ishike mstari. Pezi likipotea, kayaki huzunguka kama sufuria, kwa hiyo muuzaji makini huagiza mapezi ya akiba.

Kuhusu uzito, namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya juu kabisa, wala si ya matumizi ya kila siku. Kanuni ya tahadhari ni kutumia theluthi mbili tu ya uwezo huo. Mtu wa kilo 80 mwenye mzigo wa kilo 10, yaani maji ya kunywa, jaketi, pampu na vitu vidogo, anahitaji kayaki yenye uwezo wa kilo 135 hivi.

Mifano miwili ya sokoni inasaidia kulinganisha. Intex Challenger K1 ina urefu wa mita 2.74, upana wa sentimita 76 na uwezo wa kilo 100. AdvancedFrame ya mtu mmoja, ya kampuni ya Marekani iitwayo Advanced Elements, ina urefu wa mita 3.2, upana wa sentimita 81, uwezo wa kilo 136, na ina mbavu za aluminiamu kwenye omo na tezi zinazoisaidia kukata maji. Ya kwanza ni nyepesi na nafuu zaidi. Kwa mtu wa kilo 60 kwenye ghuba iliyokingwa inaweza kumtosha, lakini kwa yule wa kilo 80 hesabu yetu inakataa.

Kitambaa, sakafu na vyumba vya upepo

Za bei ya chini hutengenezwa kwa plastiki tupu iliyounganishwa kwa joto. Za daraja la kati huwa na kitambaa cha nyuzi ndani ya PVC, kama turubai la lori lilivyo. Za juu zaidi, kama zile za Gumotex ya Jamhuri ya Czech, hutumia kitambaa kilichopakwa mpira. Zinakunjika vizuri na huvumilia jua, ila bei yake ni kubwa. Plastiki tupu ikikwaruzwa na jiwe au ikichomwa na ndoano hupasuka, na mpasuko unaweza kuendelea. Kitambaa chenye nyuzi huzuia mpasuko usikimbie.

Sakafu nazo ni za aina mbili. Ya kwanza ni mirija iliyolala sambamba kama godoro la upepo, nayo hupinda katikati mtu akikaa. Ya pili ina maelfu ya nyuzi ndani zinazounganisha uso wa juu na wa chini, hivyo inaweza kujazwa presha kubwa na kuwa ngumu kama ubao. Sakafu ngumu huifanya kayaki iteleze badala ya kujikunja kwenye kila wimbi. Fedha ikiruhusu, mahali pa kuongeza bei ni hapa.

Vyumba vya upepo viwe visivyopungua vitatu: ubavu wa kushoto, wa kulia na sakafu, kila kimoja na valvu yake. Kimoja kikitoboka, viwili vikushike juu ya maji. Kama valvu ni ya kuziba kwa kidole tu, kama ya boya la mtoto, achana nayo. Valvu nzuri huzuia upepo usirudi hata ukiwa umechomoa pampu. Wanaoagiza kwa jumla wamtake mtengenezaji aonyeshe majibu ya vipimo vya ISO 6185, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha vyombo vya majini vya kujaza upepo.

Pancha ipo hata ziwani

Wale wa magari wanajua kuziba pancha, lakini wasidanganyike. Solusheni ya mpira wa tairi haishiki PVC. PVC inahitaji gundi yake ya poliyurethani na kiraka cha PVC, na zile za mpira zina gundi yake pia. Muuzaji asiye na viraka wala gundi sahihi anauza chombo cha msimu mmoja.

Kosa jingine ni la upepo wenyewe. Tairi la gari dogo hujazwa PSI 30 hivi, na la lori kubwa hufika PSI 100 na zaidi. Kayaki ya mirija hujazwa PSI 1 hadi 3 tu, na sakafu ngumu PSI 6 hadi 10 kadiri mtengenezaji alivyoandika. Mpira wa upepo wa lori au kompresa ya gereji unaweza kuichana mishono kwa sekunde chache. Tumia pampu ya mkono yenye kipimo cha presha.

Jua nalo linahesabiwa. Kayaki iliyojazwa vizuri saa moja asubuhi ikiachwa mchangani hadi mchana, hewa ya ndani hupata joto na presha inaweza kupanda kwa PSI 1 hivi. Kwa kayaki iliyotengenezwa kwa PSI 1, hiyo ni mara mbili ya kiwango. Kinyume chake, iliyojazwa kwenye jua kali ikiingia majini hupoa na kulegea. Ijaze, iweke majini dakika kumi, kisha ipime tena na kuongeza.

Kwa wasafirishaji: mwinuko na ujazo

Maziwa yetu makubwa yako juu sana. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu kiasi cha mita 1,460. Kadiri gari linavyopanda, hewa ya nje hupungua nguvu, na hewa iliyofungwa ndani ya kayaki husukuma zaidi. Kayaki iliyojazwa Dar es Salaam na kubebwa hivyohivyo hadi Mwanza itaongeza karibu PSI 2. Kutoka Mombasa kwenda Kisumu, barabara hupita sehemu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ambako nyongeza hupita PSI 3. Kwa hiyo isafirishwe ikiwa tupu, valvu zote zikiwa wazi, hata kama safari ni ya siku moja na keria ipo.

Kwa mzigo wa ndege, wengi hukosea hesabu ya ujazo. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Kampuni nyingi za vifurushi hugawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 80 kwa 50 kwa 35 hutoa kilo 23.3 kwa hesabu ya kwanza na kilo 28 kwa ya pili, hata kama kayaki ya ndani ina kilo 14. Boksi likipunguzwa kimo kwa sentimita 10 tu, hesabu ya kwanza inashuka hadi kilo 16.7. Hapo ndipo faida ya mfanyabiashara mdogo hupotea au huokolewa.

Abiria anayebeba yake mwenyewe akumbuke kuwa mashirika mengi ya ndege hukubali begi la kilo 23. Baadhi ya pampu za umeme zina betri ya lithiamu. Betri ya akiba hairuhusiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Huenda na abiria mkononi, na zile za hadi Wh 100 ndizo zinazokubalika bila kuomba kibali.

Ghalani, weka mbali na jua na panya. Usirundike mizigo mizito juu ya boksi, kwani mikunjo ndiyo hupasuka kwanza. Kayaki iliyotumika ikaushwe kabla ya kukunjwa, la sivyo huota ukungu.

Mpakani

Katika mfumo wa kimataifa wa forodha (HS) wa 2022, vyombo vya kujaza upepo visivyotengenezewa injini na visivyozidi kilo 100 vimo katika kifungu cha 8903.12. Mwombe wakala wako wa forodha athibitishe kiwango cha ushuru na kodi nyingine kabla mzigo haujaondoka kiwandani.

Wapo wanaodhani utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki utawasaidia kwa kuwa mzigo wao ni mdogo. Utaratibu huo unahusu mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kayaki iliyotengenezwa China haipati cheti cha uasili cha Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Nairobi au Kampala. Ukiivusha, beba ankara na hati zinazoonyesha kuwa ushuru ulilipwa.

Wengine huandika kwenye karatasi kwamba ni vifaa vya kuchezea watoto, ili mambo yaende haraka. Mbali na adhabu ya forodha, kuna jambo zito zaidi. Mtu akizama, karatasi hiyo itasema wewe mwenyewe uliijua kuwa ni ya kuchezea, na ukaiuza kama chombo cha ziwani.

Anayesafiri na kayaki yake abebe risiti ya manunuzi. Pia mpaka wa nchi hauishii kwenye ufukwe. Katika Ziwa Kivu, Rwanda na Kongo zinapakana majini, na hakuna uzio wala kibao. Kutua upande wa pili bila kupita kituo halali ni kuingia nchi ya watu bila idhini, hata kama uliletwa na upepo.

Vya lazima, siyo vya ziada

Bei ya kayaki ihesabiwe pamoja na vitu vifuatavyo. Jaketi la kuokoa maisha linalomtosha mtumiaji, livaliwe na kufungwa, siyo kukaliwa. Kafi lenye bapa mbili, lililofungwa kwa kamba lisipotee. Filimbi. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kamba fupi ya kukuunganisha na kayaki, inayofunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu ukianguka upepo huichukua kayaki tupu haraka kuliko unavyoweza kuogelea. Chagua rangi ya chungwa au njano. Boti za injini haziwezi kukwepa kitu kisichoonekana.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limekuwa likitaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika Ziwa Victoria kutokana na dhoruba na ajali za vyombo. Wengi wao ni wavuvi waliolijua ziwa tangu utotoni. Mradi uitwao HIGHWAY, ulioendeshwa kati ya 2017 na 2021, ulisaidia mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu kutoa utabiri mahususi wa ziwa hilo. Usikilize kabla ya kutoka, na usitoke usiku, maana dhoruba nyingi za ziwa hilo huzuka usiku hadi alfajiri.

Waulize pia wenyeji kuhusu mamba, viboko na nyavu. Kichocho kipo Victoria na Tanganyika, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kwa hiyo ingilia penye mchanga au mawe.

Jaribio la kufanya kabla ya kuamini

Ijaze na uiache kivulini saa 24. Ikilegea kidogo kwa baridi ya usiku ni kawaida, ikilala chini irudishe dukani. Pili, ipeleke kwenye maji ya kifuani, kaa ndani, kisha fungua valvu ya ubavu mmoja. Ikiwa bado inakubeba, vyumba vyake vinafanya kazi. Tatu, jiangushe makusudi na ujaribu kupanda tena bila kusaidiwa. Usipoweza hapo, hutaweza mbele. Mwisho, siku yenye upepo wa wastani unaovuma kuja nchi kavu, piga kafi kuukabili kwa dakika kumi ukiwa sambamba na mtu anayetembea ufukweni. Kama mwenye miguu anakuacha nyuma kabisa, hiyo ni kayaki ya bwawa.

Muuzaji naye anaweza kufanya jambo moja lisilogharimu kitu. Achapishe karatasi ndogo kwa Kiswahili na kuibandika kwenye kila boksi: uzito salama wa mtumiaji, presha ya kila chumba, na maneno haya, ASUBUHI UPEPO HUENDA ZIWANI, USIVUKE PALE UNAPOWEZA KUSIMAMA MPAKA UMEJUA KURUDI. Mteja aliyerudi salama ndiye atakayemleta jirani yake dukani kwako.

Safari njema.